Pini Saba

Fundi redio hakuwa na kioo cha kukuzia. Hakuwa na diski mbovu ya kung'olewa soketi, wala duka la vipuri la karibu, wala muda: posta ilifunga saa kumi, na saa ya ukutani ilionyesha nane na nusu. Na hakuwa na wa kumlaumu, maana aliyeivunja soketi ya diski ya shemeji yake ni yeye mwenyewe, kwa kuuvuta waya kiubavu kama anayeng'oa magugu.

Mke wa kaka yake, muuguzi, alisimama nyuma yake na sare zake. Kazini walidai alitoroka zamu, mgonjwa akaachwa peke yake. Ukurasa wa zamu wa siku hiyo ulikuwa umechanwa daftarini. Picha pekee ya ukurasa huo, aliyowahi kuipiga kwa simu, ilikuwa ndani ya diski ile. Utetezi usipotumwa leo, leseni inakwenda.

"Shemeji, si ulisema unapuliza vumbi tu?"

"Vumbi limetoka."

"Limetoka na roho yangu!"

Ulimi wa plastiki uliobeba pini za soketi ya diski ulikuwa umekatikia ndani ya kichwa cha waya. Fundi aliuchokonoa kwa sindano, akautoa vipande vipande. Pini saba, nyembamba kama sharubu za panya, zikabaki zinaning'inia bila kitu cha kuziegemeza. Akachonga jino la kitana liwe ulimi mpya; likawa nene mno. Akakata kifuniko cha kalamu. Kikapasuka, na pini moja ikapinda. Aliinyoosha huku ameuma midomo. Ikipinda tena, itakatika.

Macho yake yakatua kifuani pa shemeji yake, yakaondoka upesi.

"Unaangalia nini, we mzee?"

"Kitambulisho. Wembamba wake..."

Muuguzi alikivua shingoni, akakiweka mezani. "Kata. Picha isipopatikana, nitakivaa wapi?"

Alikata kipande kwa wembe, upande usio na sura. Akakipenyeza chini ya pini, akasukuma waya, akaubana kwa kidole gumba. Kwenye kompyuta yake diski ikaonekana. Fundi alipovuta pumzi, ikapotea.

"Usipumue!" muuguzi akamaka.

"Nife?"

"Baadaye. Tukishamaliza."

Ikarudi. Muuguzi akashika kipanya, akaitafuta picha, akaanza kuinakili. Mstari wa kijani ulitambaa hadi nusu, ukaganda. Kidole kilikufa ganzi. Jasho likamwingia fundi jichoni, asithubutu kulifuta. Mstari ukajikongoja, ukafika mwisho. Papo hapo diski ikalia ta, ta, ta, ikanyamaza kabisa.

Muuguzi akaichapa picha, karatasi ikatoka kwenye printa: tarehe, majina ya wa zamu, sahihi ya mkuu wa wodi. Jina la muuguzi halikuwamo; siku hiyo hakupangiwa zamu.

Posta, karani alikuwa ameshaanza kuteremsha dirisha.

"Ya rejista, kaka, tafadhali!"

Muuguzi aliikunja karatasi ndani ya barua yake ya utetezi, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi mara mbili na kuikandamiza kwa kiganja. Karani akagonga muhuri, akaitumbukiza guniani.