Macho ya Bongsor kwenye Faranga

Bongsor alikuwa ameua nguruwe kumi wenye meno yaliyojikunja duara, kazi ya miaka thelathini, ndipo akapata cheo cha kuruhusiwa kusimamisha uani kwake gogo la kuchongwa lenye macho makubwa kama sahani. Kijijini kwao, kisiwani Ambrym, hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya macho yale.

Siku moja mpwa wake Worwor, mwenye duka, akarudi kutoka mjini Vila na sarafu mpya za faranga.

"Tazama, mjomba. Huku mama wa Kifaransa. Geuza."

Bongsor akageuza. Gogo la kuchongwa likamkodolea macho kama sahani.

"Nani kaua nguruwe?"

"Nguruwe gani tena?"

"Wa macho haya. Yamo mfukoni mwako, na wewe hata kuku hujaua kwa heshima."

"Mjomba, hii ni ya serikali. Waingereza na Wafaransa, wote wawili wanatutawala."

"Basi nguruwe wawili."

Worwor akacheka, peke yake. Bongsor alikuwa akiwaza vijana watakavyonunua biskuti kwa macho yake, kisha warudishiwe macho yake mengine madogo. Cheo gani hicho chenye chenji?

Akakata jani la namele, alama ya mwiko, akalifunga mlangoni pa duka. Likishafungwa hilo hapiti mtu, hata mwenye duka.

Siku ya nne Worwor aliacha kucheka.

"Nitatumia sarafu za Australia, mjomba. Zina mnyama mwenye mdomo wa bata."

"Huyo si wangu. Mtumie."

"Lakini mbata yangu wananilipa kwa faranga!"

"Basi lete nguruwe."

"Kwani mimi ndiye serikali?"

"Wewe ndiye uliye karibu."

Worwor akamleta mmoja, tena meno hayajafika hata nusu duara. Bongsor akayapima kwa vidole, akapima tena.

"Anatosha cheo cha chini kabisa."

"Changu?"

"Cha serikali. Umewalipia."

"Serikali ziko mbili, mjomba!"

"Watabanana."

Akamuua kwa rungu mbele ya watu, akazitangaza serikali zote mbili kwa majina, akafungua jani.

Mwezi uliofuata wakaja maofisa wawili, Mwingereza na Mfaransa, kila mmoja na bendera yake. Wakati wa kula wakajielekeza kwenye moto wa wakubwa. Ambrym kila cheo kina moto wake, kwa hiyo Bongsor akawashika mkono kwa upole, akawapeleka walikokuwa watoto wa miaka tisa wakichoma viazi vikuu.

"Penu ni hapa," akasema. "Ila nafasi ni moja."

Maofisa wakatazamana, wakaketi, wakasogeleana.