Mbegu ya Kija

Masalu alikitikisa kibuyu mapajani mwake, akatulia, akasikiliza, akatikisa tena. Maziwa yaliyoganda hugonga kibuyu kwa uzito. Haya yalikuwa yakichapachapa humo ndani kama maji ya kunawia. Alizibua kifuniko akanusa. Badala ya uchachu alikutana na harufu ya uozo, kama siku kadhaa zilizopita.

Kibuyu kilikuwa cha marehemu mkewe, Kija. Alikuja nacho Mkuyuni alipoolewa, kikiwa na maziwa ya mgando kidogo aliyopewa na mama yake huko Magu. Hayo ndiyo aliyoyaita mbegu. Kila jioni alimimina maziwa mapya juu ya masalio, asubuhi yakawa yameshaganda, na hata siku za njaa hakukubali yamalizwe yote. "Ukimaliza ya chini umeniua," alikuwa akimwambia Masalu huku akicheka.

Hawakujaliwa mtoto. Kija alipofariki, ndugu zake walikuja wakagawana khanga na masufuria. Kibuyu wakakiacha, maana nani mjini siku hizi anahangaika na kibuyu, na maziwa ya unga yamejaa madukani tangu biashara huria iruhusiwe? Masalu, ambaye kiwanda cha pamba kilikuwa kimeshampunguza kazini, akabaki na shughuli moja tu ya maana kila jioni. Aliifanya kwa uangalifu ambao, tuseme ukweli, hakuwahi kumwonyesha mkewe alipokuwa hai.

Sasa mbegu ilikuwa inamponyoka. Alidhani kibuyu kimepoa, akakifukiza kwa kijinga cha moto kama alivyomwona Kija akifanya. Akaongeza maziwa. Yalipogoma akaongeza mengine. Mtu mwingine angemwaga, lakini yeye aliona kumwaga ni kumzika Kija mara ya pili, kwa hiyo akawa anayanywa hivyo hivyo, hadi tumbo likamvuruga usiku kucha. Asubuhi akajikokota hadi duka la dawa, maana maduka hayo yalikuwa yameota kila kona kama uyoga, akanunua vidonge vya rangi mbili bila kuulizwa hata anaumwa nini. Akavitia mfukoni, akashika njia ya Butimba kwenda kumuuliza Mayala, muuza maziwa wake, amemtilia nini.

Alimkuta Mayala zizini amesimama na Gladness, binti wa ofisi ya mifugo aliyekuja kumtazama ng'ombe. Gladness akamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, kisha akalimwaga lake lote. Mayala akainamisha kichwa.

"Mayala, huyu ng'ombe umemchoma sindano?" Gladness aliuliza.

"Kiwele kilivimba, dada. Dawa si inauzwa tu dukani? Nikamchoma mwenyewe."

"Na maziwa ukaendelea kuuza."

Mayala akaokota ndoo, akaenda kuisuuza.

Basi Gladness akamweleza mzee, bila haraka. Maziwa hugandishwa na wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, wanaokula utamu wa maziwa na kuacha uchachu. Dawa ya sindano hutoka na maziwa, na ikifika kibuyuni inawaua. Wao wakifa, wale wa uozo wanapata nafasi. Kila Masalu alipoongeza maziwa akidhani anakitibu kibuyu, alikuwa anakiongezea dawa ile ile.

"Kwa hiyo wamekufa," Masalu alisema. "Wale wa Kija."

"Wa kibuyuni naona wamekufa, mzee. Pole sana."

Akamwahidi mgando wa kwao nyumbani ili aanze upya. Masalu akashukuru, akakataa. Mgando wa kwa kina Gladness ulikuwa wa kwa kina Gladness.

Ndipo binti akaona vidonge vikichungulia mfukoni, akauliza ni vya nini. Aliposikia, akasema yeye ni wa ng'ombe, mambo ya watu ni ya zahanati, na kama ataona damu au homa aende huko mara moja. Ila dawa za namna hiyo, kama ile ya sindano, hazichagui. Tumboni mwa mtu nako wamo wadudu wengi, wanaosaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya, nazo zinaweza kuwafyeka pamoja. Kwa sasa anywe uji mwepesi, na maji yenye sukari na chumvi.

Masalu alijishika tumbo. "Na hao wa tumboni wametoka wapi?"

"Kwa mama aliyekuzaa, mzee. Kwenye chakula. Kwa watu unaoishi nao. Wengine wanapita tu, wengine wanakaa."

"Nimekula mkononi mwa mke wangu tangu ujana."

Gladness alimtazama, sauti ikapungua. "Basi huenda wengine wamo. Siwezi kukuapia."

Masalu alirudi taratibu, akipumzika juu ya miamba kila tumbo liliposokota. Nyumbani alikimwaga kibuyu nyuma ya jiko, na safari hii mkono haukusita, ingawa machozi yalimtoka. Akapika uji wa mtama, akaunywa peke yake kama alivyokula kila mlo tangu msiba. Akavitazama vidonge. Akavifunga tena katika karatasi yake, akaviweka juu ya kabati, mbali.

Kisha akajilaza upande wa kitanda aliokuwa akilala Kija. Nje watu walipita wakizungumza, hakuna aliyebisha hodi. Akaweka kiganja chini ya kitovu, akasema polepole salamu ya mchana ya kwao, "Mwadila." Halafu akanyamaza kabisa, hata pumzi akaizuia, apate kusikia kama wale wa Kija wataitika.