Mlio wa Arobaini na Mbili

Watu wa mji ule hawakuwa na haja ya kuulizana saa. Waliinua shingo tu. Mnara ulisimama katikati ya uwanja, mrefu kuliko kila kitu, umejengwa kwa mawe ya mgodi uleule ulioua wanaume arobaini na mmoja asubuhi moja, miaka thelathini na moja iliyopita. Ukishangaa kwamba watu waliwajengea marehemu ukumbusho kwa jiwe lililowaua, basi hujaishi mahali ambapo jiwe ndicho kitu pekee kilichobaki kwa wingi. Saa yenyewe ilikuwa na nyuso nne. Ule wa mashariki ulichelewa dakika mbili, na wakazi wa upande huo hawakutaka urekebishwe, maana ulikuwa umewaokoa na hasira za mabosi mara nyingi.

Aliyeitunza alikuwa mwanamke wa karibu miaka arobaini, na mji mzima ulimwita Fundi. Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyeifanya mpaka magoti yalipomkatalia ngazi sabini na nne za mnara. Sasa ilikuwa mwaka wa nne mzee hajapanda. Alishinda nyumbani, akisafisha vipuri vya saa ambavyo havikuwa na uchafu.

Kazi ya siku zote ilikuwa ya mafuta na subira. Kazi ya siku ya kumbukumbu ndiyo iliyokuwa ngumu. Siku hiyo, saa nne asubuhi, Fundi alifunga kamba nyundo ya mashine, akashika nyundo kubwa ya mkono, akaigonga kengele mara moja kwa kila marehemu, kwa mpangilio waliotolewa shimoni. Kila familia ilijua mlio wake. Wa kwanza ulikuwa wa kijana wa pampu, wa kumi na tisa ulikuwa wa baba mkubwa wa Fundi, kaka wa baba yake, na wa mwisho ulikuwa wa mpishi aliyeteremka kupeleka chai tu. Uwanja ulijaa watu wakihesabu kwa vidole, na mlio wako ukifika unainamisha kichwa.

Fundi mwenyewe hakuhesabu. Mzee alimkataza kabisa tangu siku ya kwanza. Ndani ya kopo mlikuwa na nati za chuma arobaini na moja, zilizotolewa kwenye reli za mgodi; ukigonga, unatoa nati moja unaitia kopo la pili, kopo la kwanza likiisha umemaliza. Mzee alikuwa na neno lake kuhusu hilo, akilirudia kila mwaka: kichwa hulia, kopo halilii.

Siku hiyohiyo ya kwanza, akimkabidhi ufunguo, alimwambia na jambo jingine, akimwapisha asilitoe nje ya kuta za mnara. Zamu ya asubuhi ya ajali ilikuwa yake yeye, mzee. Jino lilimuuma, na kaka yake akaenda badala yake. Hakuna aliyejua, alisema, na hasa shemeji yake, mjane wa yule kaka, aliyeishi mlango wa pili, ukuta mmoja kati yao. Fundi alimwita mama mkubwa, na alikuwa amekula kwake tangu utotoni. Tangu aambiwe, hakuweza tena kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Basi mwaka huu akagonga. Upepo ulikuwa mkali na mikono ilikufa ganzi, akawa anachota nati bila kutazama, macho kwenye kengele. Kopo lilipokwisha alishusha nyundo, akafuta jasho, akasubiri ule mnong'ono wa watu wakianza kutawanyika.

Hakusikia kitu. Alichungulia kidirishani. Watu mia kadhaa walikuwa wamesimama palepale, kimya, nyuso zote zimeelekea juu, vidole bado vimekunjwa. Kisha mwanamke mmoja alimkamata mwanawe mkono akaanza kukimbia, na mwingine akamfuata, na wanaume wakatoa simu mifukoni wakapigia watu walio makazini. Chini ya dirisha mtu alisema kwa sauti ya kawaida, lakini Fundi aliisikia vizuri.

"Arobaini na mbili. Huyo mwingine ni nani?"

Kosa la kuhesabu lisingewezekana, kwa kuwa hakuhesabu. Alipiga magoti akamwaga nati sakafuni na kuzipanga kumikumi, kama anavyopanga muuza ndimu. Mafungu manne yalijaa, zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya chuma chenye kutu kama zile za mafungu. Nyingine ilikuwa ya shaba, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Aliijua. Mwezi mzima ilikuwa kwenye sahani ya vipuri, mezani kwa baba yake.

Mnara ulikuwa na funguo mbili tu. Mmoja ulikuwa shingoni mwake, wa pili ulining'inia msumarini nyuma ya mlango wa mzee. Jana yeye alikuwa kwa msusi na sokoni, mchana kutwa. Ina maana mzee yule, ambaye kwenda chooni kulimchukua robo saa, alipanda ngazi sabini na nne peke yake, akaweka nati moja, akashuka, akakaa kitini kumsubiri, akamuuliza nyanya zimepandaje bei. Mtu hajitesi hivyo kwa mzaha.

Akiwa ngazini, akishuka mbili mbili, mambo ya wiki ile yalianza kumjia moja moja, na kila moja lilimtia baridi zaidi. Mzee alikuwa amemwonyesha zilipo karatasi za nyumba. Alikuwa amegawa redio yake. Asubuhi hii alivaa shati la kupigwa pasi, akakataa kuja uwanjani kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, akasema magoti, naye Fundi akaamini, na zaidi ya kuamini alifurahi, maana kumshika mzee mkono katikati ya umati ni kazi. Alijilaani kwa ile furaha.

Mlangoni mwa mnara mkono ulimdaka. Alikuwa mama mkubwa, kitambaa kimemtoka kichwani.

Fundi alitaka kusema kakosea kugonga, ni upepo, ni mikono. Akaghairi. Alisema tu, "Ni Baba. Amejiweka."

Mama mkubwa hakuuliza amejiweka wapi. Alivua viatu akavishika mkononi, wakakimbia, mmoja karibu arobaini na mwingine amepita sabini, na watu waliwapisha njia kwa haraka, kama wanaowakimbia wagonjwa. Katika mtaa wa washonaji milango ilikuwa inafungwa. Kila aliyewaona alijigusa kifuani, akashukuru kimoyomoyo kwamba si kwake. Binadamu ndivyo alivyo, tusijidanganye.

Nyumbani mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kitanda kimetandikwa, chai haijaguswa, kandambili zimewekwa sambamba. Fundi alitazama juu ya kabati. Buti za mgodini zilizokaa pale miaka thelathini na moja hazikuwepo, na vumbi lilikuwa limeacha alama mbili za nyayo.

"Shimoni," alisema mama mkubwa.

Shimo la zamani lilikuwa nyuma ya tanuri za matofali, mwendo wa dakika kumi kwa mwenye miguu mizima. Lilizungushiwa ukuta wa kufika kiunoni, na waya uliowekwa juu yake ulishakatwa zamani na wezi wa vyuma. Njia nzima Fundi alipiga hesabu, yeye aliyekatazwa kuhesabu. Mlio wa mwisho umepita dakika ishirini. Mtu anahitaji dakika ngapi? Nusu dakika. Alijiona tayari akiinama ukutani na kutazama chini, akamwomba Mungu njia irefuke, ili asifike akaona.

Walimkuta. Alikuwa ameketi juu ya ukuta wenyewe, mguu mmoja ndani na mmoja nje, buti miguuni, mikono miwili imeng'ang'ania jiwe. Alipowaona aliinamisha uso kama mtoto aliyefumaniwa na sukari.

Baadaye alieleza mwenyewe. Alikaa pale kuusikiliza mlio wake, na ulipolia akataka kuuvusha mguu wa pili. Goti halikutii. Ngazi za jana zilikuwa zimelimaliza. Akakaa hivyo, hawezi kwenda mbele wala kurudi, na kadiri dakika zilivyopita ndivyo woga ulivyompanda, woga ambao hakuutarajia hata kidogo, maana alidhani ameshaumaliza wote.

Fundi alimshika mshipi kwa mikono miwili. Hakuthubutu kuvuta. Aliogopa kwamba akivuta vibaya watakwenda wote. Upepo ulitoka shimoni ukiwa na harufu ya maji yaliyolala.

"Niacheni," mzee alisema. "Shemeji, hujui. Zamu ile ilikuwa yangu."

"Najua," alisema mama mkubwa. Alikuwa hajapata pumzi bado.

"Hujui. Jino lilikuwa linaniuma, akaenda yeye."

"Nakwambia najua. Usiku kucha tulikusikia ukutani ukilia na jino lako. Alfajiri mume wangu alitaka kuendelea kulala, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mimi ndiye niliyemwamsha. Nilimwambia, nenda ukamshikie mdogo wako zamu, ana hali mbaya. Akanuna. Nikamvuta shuka."

Mzee alimtazama.

"Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya ukuta nikiogopa kwamba siku moja utanijua," mama mkubwa aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Kwa hiyo ukijiweka wewe kwenye lile kopo, na mimi niweke. Zamu ilikuwa yako, lakini aliyempeleka ni mimi. Sogea basi, nikae hapo. Twende pamoja."

Akaanza kupanda ukuta. Hakuwa anatisha mtu. Fundi aliuona mguu wake mtupu ukitafuta mahali pa kukanyaga kwenye jiwe, akaelewa kwamba mama yake mkubwa alikuwa anasema kweli, tena kwamba jambo hili hakulifikiria leo kwa mara ya kwanza. Hofu aliyokuwa nayo tangu mnarani ilikuwa ndogo mbele ya hii. Mkono mmoja uliubana mshipi wa baba. Wa pili ulidaka nguo ya mama mkubwa. Akasimama hivyo, hana mkono wa tatu wa kumwita mtu.

Aliyemaliza mambo ni mzee. "Shemeji, shuka," alisema, na sauti ikamkatika. "Shuka, utaanguka." Alinyoosha mikono yote miwili kumzuia, akasahau kwamba ndiyo iliyokuwa imemshikilia, na Fundi akamvuta kwa nguvu zake zote upande wa nje. Walianguka watatu kwa pamoja, vumbini, mzee akililia goti lake na mama mkubwa akimlilia mumewe kwa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya mazishi.

Waliporudi, mzee katikati ameshikwa kwapani, watu walikuwa wamejaa mtaani. Hakuna aliyekuwa amerudi kazini. Muuza magazeti ndiye aliyepata ujasiri wa kuuliza wa arobaini na mbili ni nani. Mama mkubwa alimjibu kwamba ni mtu wao, na wamempata mzima, aende akauze magazeti.

Ufunguo wa pili Fundi aliuficha, na mwaka uliofuata alihesabu nati mara tatu kabla ya kushika nyundo. Lakini hilo ni jambo la mara moja kwa mwaka. La kila siku ni jingine. Kila asubuhi, kabla hajafumbua macho, hulala kimya na kutega sikio. Husikiliza kwanza chumba cha baba yake mpaka kiti kilie. Kisha hugeukia ukutani, akashika pumzi, akasubiri upande wa pili mtu aburute sufuria. Siku nyingine sufuria huchelewa, naye huhesabu.