Mimba ya Mbuzi wa Akika

Kesho ilikuwa akika ya Yusra, iliyocheleweshwa miezi kadhaa, na mbuzi wa kuchinjwa alikuwa amefungwa kwenye mpapai nyuma ya nyumba, pale Kabuku, akitafuna maganda ya muhogo kama mwenye mji. Hafsa alimtazama tumbo. Mbuzi huyo aliletwa na mama yake Hafsa kutoka Korogwe kabla ya masika, zawadi ya uzazi, na Hafsa hakuwa na neno juu ya kumchinja kwa ajili ya mwanawe. Lakini kama ana mimba? Mzazi amchinje mzazi mwenziwe?

"Anayo," alisema mkwewe, Bibi Mwaija, baada ya kumpapasa. "Mkono huu haujadanganywa na tumbo tangu nianze kuzalisha."

"Ameshiba tu, mama," alijibu Zaidi, mumewe Hafsa, huku akinoa kisu. "Boma letu halina beberu. Pasipo beberu hapana mimba. Hilo hata Yusra analijua."

Hafsa alimpakata mtoto vizuri. Kila jioni alikuwa akisoma madarasa ya watu wazima, na mwalimu Simeo alikuwa amewaambukiza ugonjwa mmoja: kuuliza "umejuaje?" Kila somo, alisema, lina mlango wake. Hesabu huuliza kipi kinafuata kipi, sayansi hujaribu, historia humtafuta aliyeona. Ukibisha hodi mlango mmoja tu, usijisifu kwamba umeijua nyumba.

"Mama amejua kwa mkono," alisema Hafsa. "Baba Yusra kwa hesabu. Aliyeona ni nani?"

"Tumeanza," Zaidi aliguna. "Juzi hata chumvi ya mchuzi aliiulizia ushahidi."

"Na haikuwemo."

Hafsa akaita juu ya ua. "Dada Efrazia! Beberu wako amewahi kuvuka huku?"

Mchi ulinyamaza kinuni. Efrazia, jirani ambaye babu yake alikuja kukata mkonge na ukoo ukabaki, kwa kawaida hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mnauliza kwa ajili ya mbuzi," alisema polepole, "au kwa ajili ya kunde?"

Zaidi aliweka kisu chini. Wakati wa masika kunde zake zilifyekwa zote usiku mmoja. Alitangaza ni ngedere, akawawinda kwa manati mpaka mtaa mzima ukamwita Bwana Ngedere. Hafsa alipomuuliza amejuaje, alijibiwa: kila mwaka ni ngedere.

"Ngedere gani, shemeji?" Efrazia alikuja akijipangusa unga, akicheka kwa aibu. "Beberu wangu alikata kamba. Nilimkuta alfajiri kalala katikati ya kunde, na huyu bibi harusi ubavuni mwake. Nikamtoa kimya kimya. Nilipotaka kusema, ulishawashtaki ngedere, nikaona kesi imepata wenyewe."

Bibi Mwaija alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaushika mkono wa mwanawe, akaubandika kwenye tumbo la mbuzi. Zaidi alikunja uso, hesabu yake bado kichwani. Ghafla akauchomoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Amenipiga teke!"

"Umejuaje?" wanawake watatu waliuliza kwa pamoja.

"Lakini wageni kesho..." Zaidi alianza.

"Mchukueni beberu," alisema Efrazia. "Mtanilipa mtoto wake akishaacha kunyonya."

Zaidi akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mla kunde! Mlete."

Jua lilipoelekea kuzama, mla kunde alikuwa mpapaini, na Hafsa akimlisha mjamzito wake maganda upande wa pili wa ua.

"Huyo wa tumboni ni jike," alisema Bibi Mwaija.

Hafsa akafungua kinywa.

"Mama Yusra," alisihi Zaidi, "mwache kwanza azaliwe."