Kioo cha Wodi ya Kifua

Nimefunga mifumo ya hewa, maji na umeme kwenye majengo mengi Kanda ya Ziwa, na sijawahi kuona kioo kikipendwa kama kile cha wodi ya kifua pale Kahama. Kilikuwa vipande vitatu vikubwa vilivyofunika ukuta mzima wa mbele, na hakikufunguka hata kwa dua. Mgeni akishuka kwenye basi la Geita alikiona kabla ya kitu kingine chochote, na Umesh alitaka iwe hivyo hivyo.

Umesh alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Hospitali yenyewe ilikuwa ndoto ya baba yake, Mzee Jashvant, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyetaka wachimbaji wa Rwamgasa wenye vumbi kifuani na wenye kifua kikuu wapate daktari bingwa bila kufunga safari ya Mwanza. Fedha zilipopungua, Umesh alibakiza kioo, akafuta feni zangu za kuvuta hewa chafu nje. Badala yake akanunua viyoyozi. Hospitali ya kibingwa lazima iwe na baridi, alisema, na madirisha yataingiza vumbi tu.

Nilimweleza mpaka sauti ikanikauka. Kiyoyozi cha aina ile kinapoza hewa ile ile na kuizungusha. Mgonjwa mmoja akikohoa, wote wanaivuta. Nikapendekeza madirisha ya kawaida pande mbili, ambayo yangekuwa nafuu kuliko kioo. Kamati ikaniuliza kama najenga hospitali au shule ya kata. Nilikasirika sana. Mdogo wangu Nelly alikuwa ameshaajiriwa muuguzi wa wodi ile, na ndiye angeivuta hewa hiyo kila zamu. Nikakataa kusaini kwamba jengo ni salama. Umesh akasema atatafuta injinia mwingine wa kusaini.

Siku ya kuibariki wodi, familia ilileta chombo cha shaba, vijiti vya kuni, samli na ubani, ili wawashe moto wa baraka kama wanavyofanya wakifungua duka jipya. Ila dukani milango huwa wazi mpaka barabarani. Humu walifunga kila kitu ili viyoyozi vifanye kazi. Nilijua moshi utakwama. Nilinyamaza makusudi, na sijuti.

Mwanzoni palinukia vizuri. Kisha samli ikaongezwa, moshi ukapanda, na viyoyozi vikausambaza kwenye kila kitanda. Savita, mke wa Umesh, akajifunika pua kwa sari. Mzee Jashvant akakohoa, akainama, akashindwa kunyooka. Nelly akamkimbilia. Mtu mmoja akafungua mlango wa ndani, na moshi wote ukaelekea koridoni, hadi wodi ya watoto iliyo mkabala, ambayo tayari ilikuwa na wagonjwa.

"Huo moshi ni kikohozi cha mgonjwa mmoja," nikasema. "Mmeshaufikisha kwa watoto."

Fundi Donatus alikuwa ameshika nyundo, amemaliza kugongomea kibao cha jina la hospitali. Nikaichukua. Umesh akasimama mbele yangu.

"Injinia Paskazia, ukigusa kioo hicho, huna kazi."

"Basi sina."

Nikamzunguka, nikapiga. Kipande cha kwanza kikamwagikia nje, na upepo wa barabarani ukaingia na vumbi lake lote. Nelly akamkalisha mzee pale penye upepo mpaka pumzi ikamrudia. Umesh akaniambia nikusanye vitu vyangu niondoke, na kwamba kesho yake angeagiza kioo kingine.

Nelly akaja, akaichukua nyundo mkononi mwangu.

"Ukiagiza, agiza na cha hapa," akamwambia Umesh, akavunja kipande cha pili.

Umesh akamgeukia baba yake. Mzee Jashvant amezaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake kinakishinda changu; kila mwanamke humwita mayu, yaani mama. Akafuta machozi ya moshi, akamtazama mdogo wangu.

"Bado kile cha mwisho, mayu," akasema.