Kola za Kumrudisha Mke wa Jini

Ukitaka kumjua Lantana, usiwaulize majirani. Muulize mumewe, Malam Audu, fundi magodoro. Majirani walisikia kelele tu. Malam ndiye aliyekula matunda ya usomaji wake wa vitabu, na hayakuwa matamu.

"Lantana, mchuzi hauna chumvi," alisema siku moja.

"Furera anapigwa na mama mkwe huko milimani, na wewe unataka chumvi?"

"Furera ni nani?"

"Kai! Kula, Malam. Watu wengine hawana moyo."

Furera alikuwa msichana wa kitabuni, aliyeolewa na Zauri, mwana wa mfalme wa majini. Ni vile vitabu vyembamba vya soko la Kano, bibi harusi analia kwenye jalada la mbele, na nyuma imeandikwa namba ya simu ya mwandishi. Lantana alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la ngumbaru, na kama kila aliyecheleweshewa chakula, alikula kwa pupa. Yeye hakusoma, alipigana. Mtu mbaya akitokea ukurasa wa kumi, kitabu kilipigwa makofi. Kitabu kimoja ambamo yatima alitiliwa sumu kilitolewa nje kikalala na kuku siku mbili, mpaka hasira zikamshuka. Zauri alipofungiwa chupani na mchawi, Lantana alifunga saumu kila Jumatatu na Alhamisi ili jini wa watu atolewe, na alipotolewa alimchinjia jogoo. Jogoo wa nani? Wa Malam, wa nani tena.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu, isingekuwa Kande.

Kande ni mke wa pili. Aliingia nyumba ile miaka kumi na moja iliyopita, na siku ya harusi yake mchuzi wa wageni ulikuwa na chumvi ya kuua ng'ombe. Aliyeitia hakujulikana. Baada ya hapo wanawake wale walipitana uani miaka sita bila salamu, na likitokea la lazima, walimtumia Malam.

"Mwambie mwenzako aondoe sufuria yake."

"Mwambie aiondoe yeye, mikono anayo."

Na wote watatu wamesimama hapo hapo, hatua mbili baina yao. Maskini Malam, mwanamume mzima, kafanywa tarishi wa sufuria.

Mpaka alasiri moja. Lantana alikuwa chumbani kwake akijisomea kwa sauti. Zauri kanyoosha mkono kuufunua mtandio wa Furera, na hapo Lantana akanyamaza anywe maji. Ukuta ukauliza, "Kisha?"

Maji yalimpalia. Alidhani majini wamemjia kumshukuru kwa ile saumu.

"Kisha ikawaje?" ukuta ukarudia. "Kaufunua, hakuufunua?"

Alikuwa Kande, upande wa pili, kabandika sikio. Lantana alikuwa na matusi ya miaka sita, yameiva, yanangoja siku. Lakini msomaji ni msomaji.

"Kaufunua," akajibu.

"Na yeye?"

"Kazimia."

"Mwongo!"

"Wallahi. Njoo uone mwenyewe."

Kande hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuja, akaona. Tangu siku hiyo, miaka mitano, kila alasiri Kande alipeta mtama, Lantana akasoma, wakalia pamoja, wakawatukana wachawi pamoja. Ule mchuzi haukutajwa. Ulikaa pale kati yao siku zote, na hakuna aliyethubutu kuufunua.

Halafu ikatoka sehemu ya pili ya Furera. Mwishoni kabisa, Furera alifunga mzigo akarudi kwa baba yake, maana Zauri alikuwa na tabia mbovu: kila akikosea hageuki akaomba radhi, anageuka upepo. Lantana alikirusha kitabu dirishani, akakifuata, akakiokota, akakirusha tena. Aliporudi ndani alimkuta Kande kashika ungo na hapeti.

"Furera kakaa miaka saba bila kuombwa radhi," Kande akasema. "Mimi ninayo kumi na moja. Basi sikiliza, Dada. Furera akirudi kwa mumewe, nami nitakaa. Asiporudi, siku hiyo hiyo nafunga mzigo."

"Kande, yule ni mtu wa kitabu!"

"Wewe ulimchinjia jini jogoo."

Malam aliposikia habari hiyo alidhani mkosaji ni yeye, kwani mwanamume mwenye wake wawili daima hudhani hivyo. Aliomba radhi kwa mbuzi aliyemuuza, kwa kukoroma, kwa maneno ya mama yake marehemu. Akaleta na miwa. Kande aliipokea, akaila, na kamba ya mzigo akaitafuta vile vile.

Lantana akaipiga ile namba ya nyuma ya kitabu.

"Haloo, ndiye mwenye Furera?"

"Ndiye," ikajibu sauti ya mwanamke iliyochoka. Saude, ndilo jina lake kwenye jalada. "Wewe ni wa thelathini leo."

"Anarudi, harudi?"

"Sehemu ya tatu inatoka Ijumaa. Anapewa talaka."

"Ngapi?"

"Tatu."

Lantana akakaa chini pale pale kwenye majivu ya jiko. "Kwa mpigo? Huogopi Mungu? Mpe moja kwanza, jamani, abakiwe na njia ya kurudi!"

"Jini hahesabu moja moja, mama."

"Basi mpe moja na nusu!"

Simu ikakatwa.

Sasa, mke akirudi kwao kwa hasira, watu wa mume humwendea na kola, zile kokwa chungu za kutafuna, kumbembeleza. Hiyo ndiyo biko, na sijaona Kano mlango unaofungiwa kola. Lakini watu wa Zauri ni akina nani? Baba yake anatawala chini ya bahari, hana hata nauli. Lantana aliwaza usiku kucha, na asubuhi alikuwa na jibu.

"Watu wake ni sisi," akamwambia Malam. "Vaa kofia."

"Nikamwombee jini mke? Mimi? Watu wakinisikia?"

"Usiende. Kande aondoke. Halafu alasiri nitakuwa nakusomea wewe. Kila siku. Kwa sauti."

Malam akavaa kofia.

Wakapanda bajaji na kikapu cha kola, nyekundu na nyeupe, zimefungwa kwenye majani mabichi. Nyumba ya mwandishi haikuwa ngumu kuipata. Mlangoni walisimama wasomaji wanne wakibishana. Aliyewakaribisha ni baba yake Saude, Alhaji Bawa, mzee wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Alikitazama kikapu, akamtazama Malam na kofia yake, machozi yakamlengalenga.

"Hatimaye!" akasema. "Ketini, ketini!"

Malam, ambaye hotuba ya biko aliijua kwa moyo, akakohoa. "Alhaji, tumekuja kumwomba binti yetu. Mume kakosa, mume anajuta."

"Miezi minne!" Alhaji akanguruma, huku mkono umeshazama kikapuni. Akapasua kola, akatia nusu mdomoni, nusu akampa jirani aliyekuwa akipita, awe shahidi. "Miezi minne binti yangu kakaa hapa, hamkumtuma hata kuku! Na mwenyewe yuko wapi? Kwa nini hakuja?"

Malam akamtazama Lantana. Lantana akaona ukweli ndio salama. "Amewahi kufungiwa chupani, Alhaji. Toka hapo hana raha ya kutembea."

"Chupa! Nilisema! Toka siku ya posa nilisema yule kijana mlevi!"

"Baba," ikasema sauti kutoka mlangoni. "Hawakutumwa na Kabiru. Hawa ni wa Zauri."

Ni Saude mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye wino kidoleni. Alhaji akauliza Zauri ni nani. Akaambiwa. Shavu lake lilikuwa limejaa kola ya jini. Kuimeza hawezi, kuitema ni aibu mbele ya shahidi. Akabaki hivyo hivyo, kavimba shavu moja, mpaka wageni walipoondoka.

Saude aliketi mkekani mbele ya kikapu. Hakucheka. "Miezi minne nimesusa nimerudi kwa baba," akasema. "Kabiru, mume wangu, anakaa mitaa mitatu kutoka hapa. Hakuja, hakutuma mtu, hakutuma kokwa moja. Na ninyi mmepanda bajaji kumbembelezea mwanamke asiyekuwepo!"

"Yupo," Lantana akasema. "Na asiporudi, mke mwenzangu ataniacha."

"Mke mwenzio akiondoka si heri yako?"

"Ningekuwa na akili, ingekuwa heri yangu." Lantana alijikuta anafuta pua kwa mtandio. "Nibadilishie, mwanangu. Mwandike Zauri aombe radhi. Maneno mawili tu."

"Nilijaribu, mama. Wallahi nilijaribu. Nilimpigisha magoti, nikamfungua mdomo, hakikutoka kitu. Sijawahi kumsikia mtu akiomba radhi. Niige wapi?" Akainuka, akarudi na kitabu kinachonuka wino. "Na vimeshachapwa. Chukua chako. Talaka iko ukurasa wa kwanza, nisiwacheleweshe watu."

Njia nzima Lantana hakukipiga kitabu hata kofi moja, jambo lililomtia Malam hofu kuliko kelele.

Walimkuta Kande mlangoni, kakalia mzigo wake, viatu mguuni. Mabakuli, mashuka, redio, vyote vimefungwa kwa ile kamba.

"Soma," akasema.

"Nipumue kwanza."

"Soma, Dada. Kuna bajaji ninaiita au siiti."

Malam akakimbilia uani kwenye godoro lake, akashika sindano, akajifanya hayupo. Lantana akaketi, akafungua. Ndiyo kweli, ilikuwa hapo juu kabisa, kwa herufi nyeusi: Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha. Akayatazama maneno yale, akavitazama viatu vya Kande, vimefungwa vizuri, mafundo mawili mawili. Woga ukamshika. Vitabu vilikuwa tele sokoni, lakini nani atamuuliza "Kisha?"

Akasafisha koo.

"'Zauri akaja,'" akasoma. "'Akaja kwa miguu.'"

"Kwa miguu? Si kwa upepo?"

"Ndivyo ilivyo. 'Akaja na kola. Akapiga magoti, akasema: Furera, mimi si mtu mzuri.'"

"Jini."

"'Mimi si jini mzuri. Ulipoingia nyumba hii nilikuonea wivu. Ulikuwa kijana, ulikuwa unacheka cheka, na kila mtu alikuwa anakutazama wewe.'"

Kande akakunja uso. "Zauri alimwonea Furera wivu?"

"Usinikatize! 'Nikachukua chumvi, bakuli zima, nikaimimina kwenye mchuzi wa wageni wako. Halafu nikaona haitoshi, nikaongeza la pili. Nikajificha nyuma ya ghala, nikawasikia shangazi zako wanatema, nikacheka. Halafu nikakusikia wewe unalia, siku ya harusi yako, hina bado mbichi mkononi, na sikutoka.'"

Uani sindano ilisimama. "Lo! Kumbe ni we—"

"Malam, tunasoma!" wakamfokea wote wawili.

Herufi zilimchezea Lantana machoni, si kwamba alikuwa akizihitaji. "'Na ule mchi wako uliopotea mwaka wa mafuriko uko chini ya kitanda changu. Nilitaka kuurudisha, nikaona haya. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Nisamehe, Furera. Usiende. Ukienda, nyumba hii mimi nitaongea na nani?'"

Akaishia hapo. Uani kuku alikuwa akiparua.

"Na Furera kasemaje?" Kande akauliza.

"Hapo..." Lantana akakiinua kitabu karibu na uso, kikamfunika macho. "Hapo wino haukukolea."

Kande akainama, akafungua kiatu kimoja, akafungua cha pili. Akalegeza kamba ya mzigo, akaingiza mkono katikati ya mabakuli, akavuta ungo wake.

"Mwambie Zauri ile chumvi nilijua ni yeye," akasema. "Toka siku ile ile nilijua. Nilikuwa nangoja aseme."

Akamimina mtama kwenye ungo, akaanza kupeta.

"Haya, geuza, Dada. Kusoma sijui, lakini macho ninayo. Umesoma yote hayo na hujageuza ukurasa hata mmoja."

Lantana akageuza ukurasa.

"Kisha?" akauliza Kande.