Leva ya Vidole vya Mwisho

Mume wangu Sostenes ni bwana mifugo. Tangu kamba ya fahali imkate vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, alikuwa hajapanda pikipiki yake. Ni ile ya porini, ndefu, yenye matairi ya meno, inayokata mchanga wa mto hapa Gulwe kana kwamba mto haupo. Leva ya klachi iko kushoto, na vidole vilivyobaki havikuweza kuivuta. Basi mchana kutwa alikaa barazani akitazama reli, wafugaji wakipiga simu hapokei. Jumamosi Bartolomayo wa Ihumwa angekuja kuinunua pikipiki, na mimi nilijua ikitoka uani, mume wangu naye atakuwa ametoka.

Ijumaa nikaenda Dodoma bila kumuaga. Angeniuliza, ningemjibu vibaya.

Duka la vipuri la Mzee Kamrudin lina usukani wa pikipiki uliofungwa mezani, hauna pikipiki. Leva haiuzwi kwa macho. Anaifunga pale, anakwambia ufumbe macho uendeshe.

"Shikamoo, mzee. Nataka leva ya klachi ya vidole viwili."

"Marahaba, mama. Hii hapa, siyo ya kiwandani lakini wapanda milima wanaisifu."

Ilikuwa fupi, nyekundu, inang'aa. Nikaipenda papo hapo. Nikafumba macho, nikaivuta, ikaja laini. Nikawa nimeshafika nje ya mji, upepo unanukia vumbi la mvua inayochelewa, ng'ombe wananipisha. Nilikuwa naanza kuuona mto nilipokumbuka kwamba mkono ule ni wangu, mzima.

Nikachana ncha ya kitenge, nikafunga vidole vyangu viwili vya kushoto, cha shahada na cha kati, kwa kuvikunja kiganjani. Nikafumba macho tena.

Safari hii sikufika popote. Ile leva nzuri iliishia pale vilipokuwa vidole vya Sostenes vilivyokatika, na vidole vyangu vya mwisho vilishika hewa. Nikasimama dukani nikilia kwa hasira, mtu mzima mimi. Kumbe wenye vidole viwili wote si wamoja.

Mzee Kamrudin akavitazama vidole vyangu vilivyofungwa. Akaleta nyingine, nyeusi, ndefu, sura yake kama kijiko kilichochoka, ina skrubu ya kuisogeza karibu na mshikio.

"Huku mwishoni ndiko iliko nyepesi," akasema. "Vuta."

Nikavuta kwa kidole cha pete na cha mwisho. Ikaitika. Nikauona mchanga, nikashuka ukingo taratibu, maji yakanigusa visigino, nikapanda ng'ambo. Boma likatokea, mtu akaita, "Daktari amekuja!" Sikutaka kufumbua macho. Mzee akakaza skrubu robo mzunguko, akaniacha nifike.

Nilirudi Gulwe jua likiwa bado juu. Sostenes alikuwa barazani. Nikaitoa leva ya zamani mwenyewe, nikafunga mpya, yeye akinitazama kama anayetazama jirani.

"Mama Anitha, unahangaika bure."

"Hangaika na wewe basi. Njoo ukae."

Alikuja kwa kunikomesha tu. Akakaa, akaweka mkono, akavuta. Akaachia, akavuta tena. Kisha akafumba macho, na mimi sikuwa nimemfundisha. Midomo ikamcheza, na nilijua yuko mtoni.

"Nani kakupimia hii?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

Nikauweka mkono wangu juu ya wake. Akapapasa kitambaa, akafumbua macho: vidole vyangu vilikuwa vimefungwa bado, tangu dukani, garini, nyumbani, na hata spana nilikuwa nimeishika hivyo hivyo.

Akalifungua fundo polepole, kwa vile viwili vyake. Kisha akapiga kiki.

"Mpigie Bartolomayo," akasema. "Mwambie pikipiki imesafiri."